Safari ya miamba, Kalaloch hadi Rainier: dola 740 na sandwichi baridi

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtasoma aya mbili tu. Kama unaishi jimbo la Washington na milima unaiona kupitia kioo cha gari ukiwahi zamu, lipia safari hii. Kama unachotaka ni picha za kuposti, achana nayo. Utasimamishwa kando ya barabara kutazama ukuta wa mawe meusi, manyunyu yanakupiga, na wenzako saa hiyo wamekaa Seattle wanakula samaki.

Nasema haya kama mtu wa kazi. Kabla ya kuhamia Kent, hapa Washington, nilikuwa napandisha wageni Kilimanjaro. Nilianza kwa kubeba mizigo, mgumu kama wagumu wengine, mpaka nikapata leseni ya kuongoza. Kwa hiyo nikimlipa mtu aniongoze, siangalii mlima peke yake. Naangalia anavyohesabu watu wake kabla gari halijaondoka, anamsubiri nani njiani, anaongea lini na ananyamaza lini, na chakula kinatoka saa ngapi. Mama Neema, mke wangu, anasema tabia hiyo inamharibia likizo. Sawa, lakini hela zilikuwa zetu wote wawili.

Jina la kampuni silitaji. Nina lawama mbili tatu, wao ni wachache, na sipendi kumchafulia mtu riziki kwa mambo anayoweza kuyarekebisha kesho. Huduma yenyewe ni hii: ziara ya kuongozwa ya kusoma miamba na jinsi milima ilivyotokea, gari la abiria kumi na mbili, siku tatu, mnaondokea Tacoma na kurudi Tacoma. Dola 740 kwa kichwa. Ndani yake kuna kiingilio cha hifadhi, usiku wa kwanza Forks, usiku wa pili Puyallup, kifungua kinywa na chakula cha mchana cha boksi. Chakula cha jioni unajitegemea. Tipu haimo, na nitairudia.

Safari inaanzia baharini, na hapo ndipo wanapowazidi wote ninaowaona wakiuza milima ya huku. Wengine wanakupeleka moja kwa moja Paradise, kituo cha watalii ubavuni mwa volkano ya Rainier, mnapiga picha na mlima, mnarudi. Hawa siku nzima ya kwanza wanaupa mlima kisogo. Tuliondoka Tacoma kukiwa bado giza kwa sababu walitaka tufike pwani ya Kalaloch maji yakiwa kupwa, na tulifika maji yakiwa yamekimbia mbali kabisa. Mama Neema ni mtu wa Tanga, akatazama mara moja akasema, “Bamvua hili,” yaani siku za maji kupwa na kujaa kupita kawaida. Mwongozaji aliyepanga ratiba ya watalii kwa kufuata kupwa na kujaa nilimpa alama zake hapohapo.

Mwongozaji mwenyewe ni mama wa makamo aliyewahi kufundisha jiolojia chuoni. Ndani ya gari tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyohivyo. Ufukwe unaitwa Beach 4, unashuka kwa njia fupi yenye mteremko. Alitupanga tuitazame Pasifiki kwanza. Akasema huko, mbali kuliko macho yanavyofika, sakafu ya bahari inazaliwa: lava inatoka kwenye mpasuko chini ya maji, inaganda, inakuwa bamba, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, na bamba linasogea kuja upande wetu. Linaitwa Juan de Fuca. Ni kipande kilichobaki cha bamba kubwa zaidi, Farallon, ambalo karibu lote limekwisha kuzama chini ya Amerika Kaskazini. Mwendo wake ni sentimita tatu hadi nne kwa mwaka. Likikutana na bara linainama na kuingia chini, kwa sababu sakafu ya bahari ni nzito kuliko ganda la bara. Mstari huo wa kuzamia unatoka mbele ya kisiwa cha Vancouver hadi Cape Mendocino kule California, kiasi cha kilomita elfu moja, na wataalamu wanauita Cascadia.

Halafu akatugeuza tuangalie mwamba uliokuwa nyuma yetu. Hakusema kitu. Hapo nikajua huyu ni mwongozaji, si kinasa sauti. Alituacha tukaushika. Ni tabaka juu ya tabaka, nyembamba, mchanga na tope, mchanga na tope, na zote zimeinuliwa zikasimama mshazari, nyingine karibu wima. Ndipo akasema weka kidole chini ya tabaka moja, kipandishe taratibu. Kidole kinaanzia kwenye ukwaru wa mchanga, kinaishia kwenye ulaini wa tope, halafu ukwaru unaanza tena. Kila safari ya kidole ni poromoko moja la matope chini ya bahari: punje nzito zilitua kwanza, laini zikafuata, ikawa kimya mpaka poromoko jingine. Hiyo pia ndiyo njia ya kujua tabaka ipi ilikuwa juu hata kama mwamba umepinduliwa. Nimefanya kazi mlimani miaka mingi na hakuna aliyewahi kunifundisha kusoma jiwe kwa kidole.

Swali likawa: matope ya chini ya bahari yamesimamaje wima nchi kavu? Bamba linapozama, mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotulia mgongoni mwake, hayaendi nalo yote. Ukingo wa bara unayakwangua. Mama Neema akanigusa bega: “Baba Neema, si ukoko huu?” Akimaanisha mwiko unavyopita chini ya sufuria ya wali, na ukoko unajikusanya mbele yake, unajikunja, unapanda. Nilimweleza Mwalimu ukoko ni nini, akacheka, na mpaka siku ya tatu akawa analitumia neno hilo kwa wageni wote, akilitamka vibaya lakini kwa fahari. Mwiko ni Amerika Kaskazini. Ukoko umekwanguliwa kwa mamilioni ya miaka, kipande kikisukumwa chini ya kipande, hadi lundo likatoka majini. Lundo hilo ndilo milima ya Olympic. Hakuna volkano hata moja mle.

Sasa lawama ya kwanza. Tangazo lao linaonyesha miti mikavu ya mto Copalis, ile mierezi iliyokufa wima kwenye kinamasi, na limeandikwa kana kwamba mtaiona. Hatukuiona. Pale panafikika vizuri kwa kayaki ukipanda mto, na kayaki hazikuwa sehemu ya safari. Tukaonyeshwa picha kwenye tableti, gari likiwa linatembea. Nilikasirika, maana kwangu mimi ilikuwa nusu ya sababu ya kulipia. Usiku wa tarehe 26 Januari 1700 mpaka huu wa kuzamia, uliokuwa umekwama, uliachia kwa tetemeko linalokadiriwa kuwa karibu na ukubwa wa 9. Pwani ilizama ghafla, maji ya chumvi yakaingia msituni, mierezi ikafa. Tsunami yake ilivuka bahari ikafika Japani, na Wajapani wakaiandika bila kujua imetoka wapi, kwa sababu hawakusikia tetemeko lolote. Mwanajiolojia Brian Atwater na wenzake ndio waliosoma matope na miti ya upande huu, mtaalamu wa matetemeko Kenji Satake na wenzake wakasoma maandishi ya upande ule, na tarehe ikapatikana hadi saa. Jambo kama hilo ukiniahidi, nipeleke. Au usiweke picha.

Kilichowaokoa ni abiria. Kulikuwa na mzee mmoja Mchile, fundi umeme mstaafu, mzaliwa wa Valdivia. Jioni ile Forks, mezani, alitusimulia Mei 1960, yeye akiwa mtoto: tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, na baada yake mashamba ya kando ya mto yakageuka maji. Nchi ilishuka haikupanda tena. Hadi leo pale ni kinamasi chenye ndege. Alisema hivyo huku akitandaza kiganja mezani na kukididimiza. Kwa dakika ile moja nilielewa mierezi ya Copalis kuliko picha kumi za tableti. Lakini kampuni haiwezi kumpakia mzee wa Valdivia kila safari.

Kati ya ufukweni na Forks tulipita msitu wa Hoh. Ni mzuri, ni kijani mpaka macho yanauma, na kila mtu ameshauandika. Mwalimu alikaa pale kidogo tu na jambo moja: mvua. Bonde hilo linapata kama mita tatu na nusu kwa mwaka. Akasema mkumbuke namba hii kesho.

Siku ya pili asubuhi tukapanda Hurricane Ridge kutokea Port Angeles. Njiani ndipo kwenye ule ukuta wa mawe meusi. Ni basalti, matonge ya mviringo yaliyobanana, makubwa kuliko kichwa cha mtu. Lava ikitokea ndani ya maji baridi hujifunga hivyo, tonge baada ya tonge. Kwa hiyo umesimama kwenye barabara ya mlimani, magari yanapita, na mbele yako kuna sakafu ya bahari ya miaka milioni 50 hivi iliyopita. Basalti hii ilibandikwa kwenye ukingo wa bara zamani, kisha ule ukoko ukasukumwa chini yake na kuipasua ikiinuka. Ndiyo maana leo inaizunguka milima ya Olympic kaskazini, mashariki na kusini, na katikati yake kuna yale matope na mchanga tuliyoyashika ufukweni, ila huku yamebanwa na kupikwa kidogo yakawa magumu zaidi.

Hapa palihitaji muda, na Mwalimu alitupa muda. Kasoro ni kipaza sauti cha gari. Kilikuwa kinakatika, na waliokaa nyuma walikuwa wanaletewa maelezo kwa awamu kama wakimbizi wa mgao. Kaa mbele. Usione haya, fika mapema ukae mbele.

Juu kabisa jengo la wageni lilishaungua Mei 2023, kwa hiyo usitegemee mgahawa wala pa kujikinga na upepo kama zamani. Tulikuta vyoo vya kuhamishika. Hilo si kosa la kampuni, lakini wangetuambia tubebe makoti mazito. Mandhari ni haki yako: mbele mabonde, nyuma yake barafu, na Mount Olympus wenyewe, mita 2,432.

Mzee wa Valdivia akautazama, akauliza swali ambalo naamini liliifanya safari iwe safari. Kwetu, alisema, ni bahari hiyohiyo, na bamba linazama vilevile. Aconcagua, kwenye safu yetu ya Andes, una mita 6,961. Huu wenu mbona mfupi?

Mwalimu alivua glavu. Nawafahamu waongozaji, swali likiwakolea wanavua glavu. Kwanza, akasema, bamba lenu la Nazca linakuja kwa kasi, karibu mara mbili ya hili letu, na limekuwa likisukuma kwa muda mrefu sana. Bara limebanwa likajikunja likanenepa, hadi ganda chini ya nyanda za juu za Bolivia na Peru likafika unene wa kilomita kama 70. Aconcagua si volkano hai, ni ganda lililopandishwa. Juan de Fuca ni bamba dogo, changa, bado lina joto la kuzaliwa, linasukuma polepole.

Pili ni mvua. Jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, halina mito ya kupeleka mchanga baharini, kwa hiyo handaki la sakafu ya bahari lililo mbele yake, pale bamba linapozamia, halina mashapo mengi, na kuna wataalamu wanaosema ndiyo maana mabamba pale yanakwaruzana makavu na kung’ang’aniana, na bara linapokea msukumo wote. Huku handaki limejaa mashapo mpaka juu; ukiangalia ramani ya sakafu ya bahari, kwenye Cascadia hulioni kabisa shimo kama lile la Chile. Halafu mvua hiyohiyo, ikisaidiana na barafu, inaula mlima kwa kasi inayokaribia ile ya kuinuka kwake. Kile kinachopandishwa kinashushwa. Kwa sababu mvua inakuja kutoka magharibi, upande huo unachimbwa zaidi, na miamba iliyotoka kina kirefu kuliko yote ndiyo iliyojitokeza kuuzunguka Mount Olympus. Mvua haiupambi mlima kwa nje tu. Inaamua ndani yake nini kitoke.

Mzee akakaa kimya, halafu akasema taratibu: kweli, kwetu Valdivia mvua ni kila siku, na milima yetu ya kusini ni mifupi kuliko ya kaskazini. Mwalimu akamwonyesha kwa kidole kama mwalimu wa shule ya msingi anayempata mtoto wa kujibu. Huwezi kuinunua dakika ile, lakini mwongozaji mbaya angeiua kwa kuangalia saa.

Mchana tukashuka Sequim, upande wa pili wa milima hiyohiyo. Pale mvua ya mwaka haifiki hata nusu mita. Wanalima lavenda, maua ya rangi ya zambarau, jua linawaka. Chini ya saa tatu za gari kutoka Hoh. Tulikula mabenchi ya bustani, na hapa nitoe lawama ya pili kwa moyo wote.

Chakula. Siku tatu mfululizo boksi lilikuwa na sandwichi baridi ya bata mzinga, pakiti ya chipsi za viazi, tufaha na biskuti. Barafu Camp, mita 4,673, upepo unang’oa hema, mpishi wetu alikuwa anatoa supu ya moto na mkate wa kukaanga, na maji ya kunawa ya vuguvugu. Ameyabeba yote mgongoni yeye na wenzake. Nyie mna gari, mna barabara ya lami, mna dola 740 zangu, mnashindwa chupa ya supu? Mama Neema alikuwa amefunga chapati na maharage ya nazi kwenye kontena, na kwa siri kubwa tukawa tunakula nyuma ya gari mpaka yule mzee akatufuma. Akala nasi. Siku ya tatu alikuja na jibini yake.

Siku ya tatu ni ya volkano, na asubuhi wanaanzia mahali ambapo sikutarajia: Orting, mji mdogo bondeni, nyumba nzuri, viwanja vya mpira, Rainier umejaa upande mmoja wa anga. Mwalimu alituonyesha ving’ora vya tahadhari. Mji huu umejengwa juu ya matope yaliyoshuka kutoka Rainier miaka kama 500 iliyopita. Si lava. Ni lahari, mchanganyiko wa maji, mawe na udongo unaokimbia bondeni kama zege bichi. Lile kubwa zaidi, la miaka 5,600 hivi iliyopita, lilibeba kilele chenyewe na kufika hadi maji ya Puget Sound. Sababu ni kwamba mvuke na maji ya moto ya ndani yanayalegeza mawe ya mlima, yanageuka udongo, na juu yake kuna barafu nyingi kuliko mlima mwingine wowote wa majimbo haya ukiacha Alaska. Watoto wa shule za Orting wanafanya mazoezi ya kukimbilia juu. Kuna watu wetu wengi wamenunua nyumba bonde lile kwa sababu bei ni nafuu kuliko Kent. Sisemi mhame. Nasema ulizeni njia ya kukimbilia iko wapi kabla ya kuuliza gereji ni ya magari mangapi.

Kutoka Orting tukapanda Paradise, na hapo ndipo nilipotegea sikio zaidi, kwa sababu hii ndiyo hadithi ambayo wageni walikuwa wakiniuliza Marangu: mlima ulitokaje? Kule Kilimanjaro jibu ni kwamba bara linavutwa, linakonda, na mwamba wa moto wa chini unapopunguziwa uzito unayeyuka na kupanda. Huku hakuna kinachovutwa, vitu vinabanwa. Sasa kuyeyuka kunatoka wapi, na bamba linalozama ni baridi kuliko linakoingia?

Kunatoka kwenye maji. Sakafu ya bahari imekaa chini ya maji kwa mamilioni ya miaka, na maji yameingia ndani ya madini yake, yakawa sehemu ya jiwe. Bamba linapozama kilomita themanini, mia, mgandamizo na joto vinayatoa. Yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu ya bamba, na mwamba ukiingiwa na maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko ungehitaji ukiwa mkavu. Hakuna moto ulioongezwa. Kule kwetu wamepunguza uzito, huku wameongeza maji, na pande zote mbili umepata volkano. Hili nililielewa nikiwa nimesimama na sandwichi mkononi, na ningemlipa Mwalimu kwa hilo peke yake.

Kwa kuwa bamba linafika kina hicho likiwa umbali fulani kutoka pwani, volkano nazo zinajipanga umbali huo, mstari mmoja sambamba na bahari: Garibaldi kule Kanada, Baker, Rainier, St. Helens, Adams, Hood, hadi Lassen Peak wa California. Kilimanjaro umesimama na Meru wake, kila mmoja na mambo yake. Huku ukishaona miwili unaweza kubashiri wa tatu uko wapi.

Na magma hii, yaani mwamba ulioyeyuka, yenye maji ni nzito kutiririka, imebeba gesi nyingi. Haitoki kwa upole. Tarehe 18 Mei 1980, saa mbili na dakika 32 asubuhi, ubavu wa kaskazini wa St. Helens uliporomoka, na mlima uliokuwa na mita 2,950 ukabaki na 2,549. Watu 57 walikufa, akiwemo David Johnston, mtaalamu wa volkano aliyekuwa zamu ya kuuangalia. Mwalimu alilisimulia hili kwa sentensi chache, akiangalia chini. Alikuwa anaishi Washington wakati ule. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na hilo nalo ni sifa ya kundi.

Paradise yenyewe kila mtu alikuwa anatazama kaskazini, kwenye Rainier, mita 4,392, na barafu ya Nisqually inayoshuka na kupasuka. Mwalimu akatugeuza kusini, kwenye vilele vya Tatoosh. Vile ni magma ya volkano za zamani iliyogandia chini ya ardhi bila kutoka, miaka zaidi ya milioni 14 iliyopita. Mlima uliokuwa juu yake umeshaliwa na mvua na barafu, ukabaki mzizi. Unasimama katikati ya volkano hai na tumbo la volkano zilizokufa, na bamba lililozizaa zote bado linaendelea kuzama, hatua zile zile za sentimita kwa mwaka, chini ya viatu vyako. Watalii wengi pale hawageuki kabisa. Nilimwona baba mmoja amepiga picha zaidi ya mia za upande mmoja.

Jambo moja nilitaka waliongeze. Vifaa vya GPS vya eneo hili vinaonyesha nchi ikisukumwa kuelekea bara mwaka mzima, halafu kila baada ya miezi 14 hivi, kwa wiki kadhaa, inarudi nyuma kidogo, polepole, bila mtu kuhisi. Mwalimu aliligusa ndani ya gari tukielekea nyumbani, watu wamelala. Hilo ni la kusema ufukweni siku ya kwanza, watu wakiwa macho.

Kuhusu tipu: huku haikusanywi kwenye bahasha mbele ya wote kama kwetu, kila mtu anampa mwenyewe mwishoni. Mwalimu alikuwa anaendesha pia, na hakuna msaidizi. Nilimpa vizuri. Alimhesabu kila mtu kila kituo, alitembea mwendo wa yule bibi wa Spokane mwenye goti bovu bila kumfanya ajione mzigo, na alipoulizwa kitu kisicho chake alisema tu kwamba kiko nje ya fani yake.

Nyota nne kati ya tano. Moja imeondoka na mierezi ya Copalis na ile sandwichi.

Kwa watakaokwenda: chagua Julai hadi Septemba, maana miezi mingine Hurricane Ridge na Paradise zinafungwafungwa na theluji. Tazama jedwali la maji kabla ya kulipia. Siku isiyo na kupwa nzuri asubuhi, Beach 4 unakosa mwamba na hapo siku ya kwanza imeharibika. Kiatu cha kushika utelezi, koti la mvua, koti la baridi. Walio na magari yao na hawana hela ya mwongozaji wanaweza kufuata njia ileile, ila wasianzie Rainier. Watoto chini ya miaka kumi kampuni hii haiwachukui. Na bebeni chapati.